Mtama Usiolingana

2 Novemba
Mvua: hakuna.

Bi Elizabeth, afisa ugani wa kata yetu ya Nkololo, ametugawia wakulima sita kipima mvua cha plastiki na daftari moja kila mmoja. Ametuomba tuandike kila asubuhi milimita zilizoonekana, na chini yake "maelezo mengine, kama yapo". Mimi ni Januarius Mboje, mgane, umri wangu miaka sabini na sita. Naomba radhi mapema endapo maelezo mengine yatazidi milimita. Tangu Bwana amwite mke wangu Specioza, miaka tisa sasa, jioni sina mtu wa kumsimulia siku ilivyokwenda. Mkamwana wangu Flora yupo na ni mwema, lakini mkamwana hasimuliwi kila jambo.

5 Novemba
Mvua: hakuna.

9 Novemba
Mvua: hakuna. Mawingu yalikusanyika upande wa Maswa, yakaagana.

Leo nimeshusha mbegu ya mtama kutoka darini. Yafaa nieleze asili yake. Specioza aliolewa nayo, akaja nayo katika kibuyu. Alipokuwa hai, shamba letu lilionekana kama watu wa mnadani: huyu mrefu, yule mfupi, huyu mwekundu, yule mweupe, mmoja ameshaiva na jirani yake ndiyo kwanza anachanua. Wageni walipopita niliona haya. Mimi nilisoma misheni, na Bruda aliyetufundisha kilimo alisema kwamba kabla ya kuvuna mkulima mwenye akili hupita na uzi mwekundu, akayafunga masuke makubwa kuliko yote, na hayo pekee ndiyo mbegu. Nilimweleza Specioza mara nyingi. Alinijibu, "Baba Paschal, uzi wako kafungie viatu."

Nilimheshimu, nikangoja. Alipofariki nilianza kufunga nyuzi, nimefunga misimu tisa. Sasa mtama wangu husimama kwa urefu mmoja kama wanafunzi mstarini, na mwaka mmoja masuke yake yalitundikwa katika banda la Nane Nane kule Nyakabindi. Niliyatazama nikasema moyoni, laiti angeyaona.

17 Novemba
Mvua: milimita 4. Vumbi limelala, basi.

18 Novemba
Mvua: hakuna.

30 Novemba
Mvua: hakuna.

Kisimani nimekutana na Domitila, mdogo wake Specioza, ambaye analima ng'ambo ya korongo letu. Alipiga goti kidogo.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Habari za nyumbani?"

"Nzuri, shemeji."

Akajitwika ndoo, akaenda. Mtu asiyetufahamu angesema: tazama heshima hiyo. Lakini katika desturi zetu shemeji ni mtani. Zamani Domitila hakuwahi kuniamkia. Alinitukana kwa furaha mbele ya watu, nami nilimjibu kadiri malezi ya misheni yalivyoniruhusu. Heshima hii alianza kunipa siku ya kuondoa matanga ya dada yake. Niliingia sebuleni nikamkuta anatoka chumbani na kile kibuyu cha mbegu kwapani, hakuomba, hakusema. Nikamwambia mbele ya waombolezaji wote, "Samahani, shemeji, nyumba hii bado haijawa gofu hata watu waanze kugawana." Alitoka na kibuyu chake, na kesho yake akanipigia goti. Mimi nilibaki na mtama uliokuwa kwenye kihenge.

Mimi ni mtu wa kuomba radhi. Huwaomba radhi hata mbuzi ninapowapita njiani. Lakini jambo lile niliona nilikuwa na haki, na bado naona hivyo.

6 Desemba
Mvua: milimita 38! Deo gratias, Mungu ashukuriwe.

7 Desemba
Mvua: milimita 11. Tumepanda, mimi na Flora, kuanzia luseni, yaani kichanga cha juu, hadi kwenye udongo mweusi wa mbuga huku chini. Ng'ambo naye Domitila anapanda. Mgongo unauma, nisamehewe mwandiko.

15 Desemba
Mvua: milimita 9. Umeota. Mistari imenyooka vizuri sana.

25 Desemba
Mvua: milimita 16. Krismasi. Mwanangu Paschal, mume wa Flora, amepiga simu kutoka Mwanza, ameshindwa kuja. Flora amechinja jogoo na akampelekea Domitila paja.

10 Januari
Mvua: hakuna.

16 Januari
Mvua: hakuna. Majani yanajikunja adhuhuri, yanakunjuka jioni.

24 Januari
Mvua: hakuna. Jioni hayakunjuki yote.

Flora alisimama mlangoni, macho chini, kama anavyosimama akiwa na neno zito. "Baba, ghala lina magunia matatu ya mahindi. Pamba mwaka huu hatukulima, tuliweka nguvu zote kwenye mtama."

"Najua, mama. Nilishauri mimi."

"Sikulaumu, baba. Nimesema tu magunia ni matatu."

31 Januari
Mvua: milimita 22. Uhai.

14 Februari
Mvua: milimita 13. Shamba langu limejirudi na ni la kijani sana. La Domitila limeanza aibu yake ya kila mwaka: kule juu kwenye kichanga kuna vimea vifupi kama mafagio, na tayari vinataka kutoa masuke, vidogo kama kidole. Nilimwonyesha Flora kwa fimbo, nikasema, "Naomba radhi kumsema jirani, lakini hiyo ndiyo mbegu isiyochaguliwa."

Flora akasema, "Ndiyo, baba." Kisha akaongeza, taratibu sana, "Ila ina haraka."

2 Machi
Mvua: milimita 7.

11 Machi
Mvua: milimita 19. Kwelea kwelea wameshukia yale masuke ya mapema ya Domitila. Yeye na wanawake wawili wanapiga madebe tangu alfajiri. Kwangu hakuna ndege hata mmoja, maana hakuna suke hata moja. Nakiri nilikaa kwenye kiti changu nikajisikia mwenye hekima.

20 Machi
Mvua: milimita 12. Kwa Domitila mimea ya katikati ya mteremko inachanua. Ya kwangu inarefuka tu.

29 Machi
Mvua: milimita 5.

4 Aprili
Mvua: hakuna.

9 Aprili
Mvua: milimita 2.

13 Aprili
Mvua: hakuna. Nimekumbuka mwaka ule wa banda la Nane Nane: mvua ilikwenda mpaka mwisho wa Mei. Mwaka huu upepo umeshageuka, mbuga inapasuka nyufa za kuingia kidole. Mtama wangu sasa ndiyo unatoa masuke. Wote. Kwa pamoja, kama walioitwa kwa kengele.

14 Aprili
Mvua: hakuna.

15 Aprili
Mvua: hakuna.

16 Aprili
Mvua: hakuna.

22 Aprili
Mvua: hakuna.

Bi Elizabeth amekuja na pikipiki yake kukagua madaftari. Nilimpa hili nikiwa na aibu, nikamwomba asome milimita tu. Ni binti mwaminifu, alisoma milimita tu. Kisha tuliingia shambani. Alivunja suke moja, akalisugua viganjani, akapuliza. Kilichobaki mkononi kilikuwa punje mbili.

"Makapi, mzee."

"Ni jua, mwanangu."

"Ni jua, ndiyo." Akatazama ng'ambo. "Na ile ni mbegu gani? Naona pale wameshavuna kipande cha juu."

Nilimweleza, kwa sauti ambayo sasa naijutia, kuwa ile ni mbegu ileile ya marehemu mke wangu, ila haikusafishwa. Akaniomba nimweleze ninavyosafisha. Nilipomaliza habari ya Bruda na uzi mwekundu, alikaa chini kwenye tuta, nami nikakaa, kwa shida.

"Mzee wangu, usikasirike. Mwaka wa mvua ndefu, mtama unaochelewa unakula muda mrefu, unanenepa, unatoa suke kubwa. Wa haraka unatoa suke dogo, tena unawahiwa na ndege, au unaiva mvua bado ipo, unaota ukungu. Sasa wewe misimu tisa umefunga uzi masuke makubwa tu. Ulikuwa unachagua nani?"

Nilifikiri. "Wachelewaji."

"Na wale wa haraka?"

"Tuliwala ugali."

"Ndiyo hivyo. Wako wote wamefaulu mtihani mmoja, na mwaka huu umekuja mtihani mwingine." Alionyesha ng'ambo kwa kidevu. "Ile siyo mbegu moja, ile ni ukoo. Mwaka wa jua wenye haraka wanawalisha wengine, mwaka wa mvua wachelewaji wanashika zamu. Kila msimu ukoo unageuka kidogo kufuata mwaka ulivyokuwa, wa haraka wanaongezeka au wanapungua, lakini hakuna anayefukuzwa nyumbani. Hujui mwaka kesho utamhitaji nani."

Nilimwuliza kama wangu unaweza kurudi ulivyokuwa. Alisema ningeweza kuanza na mimea michache ambayo hata hivyo itaiva shambani mwangu, lakini kwa uchache wake ingechukua miaka kama hiyo tisa. "Au," akasema, akifunga kofia yake ya pikipiki, "umwombe jirani."

Jirani! Alisema neno hilo kwa wepesi kabisa.

23 Aprili
Mvua: hakuna. Sikutoka.

30 Aprili
Mvua: milimita 1, ambayo sijui kama ni mvua au umande.

Nimepita shamba zima, mstari kwa mstari. Specioza alileta kibuyu, akakitunza miaka arobaini na miwili katika ukame, viwavijeshi na gugu la kiduha. Mimi, kwa upendo na kwa nidhamu, nimekimaliza katika tisa. Nimepata masuke kumi na saba yenye punje kamili, karibu yote kwenye ile kona ya kichanga ambako sijawahi kufunga uzi hata mmoja.

8 Mei
Mvua: hakuna. Flora amepima unga kwa kikombe badala ya bakuli.

11 Mei
Mvua: hakuna.

Leo nimeandika barua kwa Paschal, kumwomba anitumie hela ya mbegu ya dukani kwa msimu ujao, nikamsomea Flora ili anisahihishe. Hakunisahihisha. Alipiga magoti mlangoni na kubaki hapo.

"Baba, naomba kusema neno ambalo si langu."

"Sema, mama."

"Kile kibuyu. Mama mdogo hakukichukua. Alitumwa."

Sikuelewa. Akaeleza akitazama sakafu. Specioza alipokuwa amelala kitandani, wiki ya mwisho, Flora akimlisha uji, Domitila akimkanda miguu, alisema hivi, na Flora ameyashika maneno yote: "Domitila, nikishaondoka chukua kile kibuyu upande nacho. Mume wangu ni mtu mwema kuliko wote niliowaona, lakini atazichambua mbegu zangu kama mchele wa sikukuu mpaka ziishe. Usimwambie nilisema. Atahuzunika."

"Na wewe umenyamaza miaka tisa?"

"Mama mdogo alinikataza. Alisema, dada alisema asihuzunike. Mimi ni mkamwana, baba. Ningeanzia wapi?"

Niliiweka barua mezani. Nilikumbuka sauti yangu siku ile sebuleni, tena nilikuwa nimevaa kanzu ya ukatekista. Nilimshutumu mbele ya watu mtu aliyekuwa anatimiza wosia, naye akachagua kuitwa mwizi kuliko kunieleza kwamba mke wangu alinifahamu vizuri. Nilicheka kidogo, naomba radhi, maana Specioza kweli alinifahamu. Kisha sikuweza kucheka tena.

12 Mei
Nimesahau kutazama kipima mvua. Ni mara ya kwanza.

Nilivuka korongo. Domitila alikuwa uani anapura. Aliweka fimbo chini, akapiga goti.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Nimekuja kuomba msamaha." Nilikuwa nimeandika maneno, nikatoa karatasi na miwani, nikaanza: "Kwa unyenyekevu mkubwa, na kwa kutambua udhaifu wangu—"

"Flora amesema," akanikata.

"Amesema."

Alitazama uwanja, kisha akanitazama. "Shemeji, siku ile ulinisema mbele ya nani?"

"Mbele ya watu."

"Watu wangapi?"

"Sebule ilijaa. Na waliokaa nje walisikia."

"Hapa naona kuku watano." Akachukua fimbo yake. "Kunja karatasi yako, shemeji. Jumamosi wenzangu wanakuja kunisaidia kuvuna mbugani. Ukipata nafasi. Usipopata, siyo kitu, nimekwisha zoea."

14 Mei
Mvua: hakuna. Hofu: ndiyo.

17 Mei
Mvua: hakuna, na leo sikuitamani.

Walikuwepo watu kumi na wanane, wengi wa jumuiya yetu. Limbu, mwenyekiti wa jumuiya, ambaye siku ya matanga ndiye aliyekuwa ameketi karibu nami, alikuwa ananoa kisu. Flora alikuja nyuma yangu hatua tatu. Karatasi niliiacha nyumbani. Nilivua kofia.

"Ndugu zangu, nawaomba radhi kwa kuwasimamisha kazi. Miaka tisa iliyopita, wengi wenu mkinisikia, nilisema huyu shemeji yangu anagawana mali za marehemu. Nilisema uongo. Alitumwa na dada yake. Kama angetii maneno yangu akaiacha mbegu ile, leo isingekuwepo popote, kwa sababu iliyobaki kwangu nimeiua mwenyewe, kwa kuichagua. Nendeni mkaone shamba langu. Mliyosikia nikisema siku ile, naomba muyatoe masikioni."

Mabua yalichakarika. Limbu aliacha kunoa. Domitila alijishika kiuno, akaniangalia kutoka kofia niliyoshika mpaka viatu.

"Kizee," akasema, kwa sauti ya kusikika Bariadi mjini, "umekuja kuhubiri au kuvuna? Miguu yenyewe kama ya korongo, umesimama juu ya mtama wangu unaukanyaga!"

Watu walipasuka kwa kicheko. Mimi nililazimika kujipangusa macho kwa kofia.

"Samahani, shemeji," nikasema.

"Samahani, samahani! Dada yangu alikula samahani miaka arobaini badala ya nyama! Chukua kikapu!"

Nilichukua kikapu. Nilijibu pia, kwamba nyama aliila yeye Domitila kila alipokuja kutusalimia, ndiyo maana mlango wetu ulipanuka. Halikuwa jibu zuri sana, nimekosa mazoezi, lakini mama mmoja alikaa chini kwa kucheka.

Mchana, wengine walipokwenda kula matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, kivulini, alinionyesha dada yake alivyochukua mbegu. Unaanzia kwenye kichanga ambako ameacha mistari miwili ya mbegu imesimama, unashuka mpaka mbugani. Unahesabu hatua kumi, unanyoosha mkono bila kuchagua, na suke litakalokugusa kiganja unalichukua, mradi lina punje. Refu, fupi, lililopinda, lililodonolewa na ndege nusu.

Mara ya kwanza mkono wangu ulipita suke dogo ukaenda kwa kubwa lililokuwa nyuma yake. Alinipiga vidole kwa bua.

"Hilo dogo limekukosea nini?"

"Ni dogo."

"Na wewe je? Dada alikuchukua."

Tulishuka hivyo mpaka mwisho wa shamba, hatua kumi kumi. Pale chini mbugani kwake pia wachelewaji wengi wameshika makapi, hakunificha. Mwaka huu atavuna nusu ya anachovuna kila mwaka. Nusu hiyo italisha nyumba yake, na alikwisha mwambia Flora, bila kuniuliza, kwamba itatufikia na sisi.

18 Mei
Mvua: hakuna.

Baada ya misa tulikwenda kuchukua mbegu. Kikapu kilikuwa tayari, kimefunikwa kwa kanga. Nilinyoosha mikono yote miwili, kwa heshima.

Domitila akanipita, akampa Flora.

"Wewe nimekusamehe, kizee, na Mungu ni shahidi," akasema. "Lakini mbegu sikupi."

"Ni haki, shemeji."

"Najua ni haki. Flora, mwanangu, hii ni yako. Mzee atapanda, atapalilia, atafukuza ndege. Kuchagua asichague. Na yale masuke yake kumi na saba, yachanganye humu humu. Yamepona mwaka mbaya, yameingia ukoo."

"Wabeja, mayu," Flora akamshukuru kwa Kisukuma, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe alinitazama usoni akitabasamu.

Njiani aliniruhusu kubeba kikapu, kwa sababu ya mteremko. Sikufunua kanga.

3 Juni
Mvua: hakuna. Msimu umekwisha, jumla ya milimita imeandikwa mwisho wa daftari.

Flora amepura mbegu leo, akaipepeta, akaichanganya na majivu juu ya ngozi ya ng'ombe. Aliniomba nimshikie ungo. Zilikuwa punje nyekundu, nyeupe, za hudhurungi, nene na nyembamba, na miongoni mwao moja ndogo sana, nyeusi, imesinyaa upande mmoja. Kabla sijajua, vidole vyangu viwili vilikuwa vimeshaitoa.

Flora aliiona. Akaacha kuchanganya, akaningoja.

Niliigeuza kwenye mwanga. Ilikuwa nzima. Nikaiomba radhi, nikairudisha.